Nyumba Isiyopigiwa Hodi

Siku ya tatu ya msiba wa Injinia Kondo, mtu mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa alishika kipaza sauti chini ya turubai, mbele ya nyumba ya marehemu mtaani Picha ya Ndege, Kibaha, akatutangazia kwamba tumempoteza baba wa nyumba janja. Sisi wanawake tulikuwa uani, nyuma ya nyumba, tukichagua mchele wa hitima, na maneno yalitufikia kwa spika iliyokuwa ikikoroma. Alisema kabla ya Kondo watu wa Kibaha na Kisarawe walikuwa wakiwasha taa kwa mikono. Alilisema hilo kama vile anasimulia habari za watu waliokuwa wakila nyama mbichi. Alisema marehemu alikuwa mwalimu wa vijana wengi, hasa mabinti, ambao leo wanakula kwa ufundi aliowapa. Hapo wanawake wawili watatu walinigeukia, maana wanaijua kazi yangu, nami nikauinamia ungo ili wasione ninavyocheka. Msibani hakuchekwi, najua. Lakini kuna mambo mtu huwezi kuyazuia.

Nilifanya kazi kwa Kondo mwaka mmoja tu, mwaka niliotoka chuo cha ufundi na cheti changu cha umeme wa majumbani. Wengine wakikumbuka mwaka uliowafungua macho huwa na mtu wa kumshukuru. Mimi nina mtu wa kumdharau, na nimekuja kuona kwamba dharau nayo inafundisha, tena somo lake halisahauliki upesi. Nilimdharau akiwa mzima, nikamdharau akiwa mgonjwa, na siku ile nilikuwa nimekaa uani kwake nikinywa uji wake huku bado namdharau. Sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya mkewe, Mama Shani, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa eda, na ambaye mwaka ule alinilisha.

Ofisi yetu ilikuwa Tumbi, fremu moja nyuma ya duka la dawa, njia ya kwendea hospitali. Kondo aliigawa kwa ubao. Nyuma tulikaa sisi mafundi na mabunda ya nyaya, mbele alitengeneza sebule ya maonyesho: sofa la rangi ya maziwa ambalo halikukaliwa na mtu asiye mteja, pazia linalojifungua kwa simu, na taa inayowaka ukipiga makofi. Ukutani aliandika kwa herufi za dhahabu, NYUMBA ISIYOPIGIWA HODI. Mteja akiuliza maana yake, Kondo alikuwa anakunja miguu, anamweleza kwamba hodi ni ushamba. Mtu wa kisasa hashtuliwi na mgeni mlangoni, mtu wa kisasa amekwisha kumwona mgeni tangu yuko barabarani. Halafu anapiga makofi ili taa iwake. Umeme wa Tumbi ulikuwa na tabia ya kukatika mteja anapoanza kuvutiwa, kwa hiyo mara nyingi Kondo alipiga makofi, akapiga tena, mteja naye kwa adabu akapiga, na sisi nyuma ya ubao tukawasikia watu wazima wawili wakipigapiga makofi gizani kama wako kwenye ngoma ya watoto. Uinjinia wenyewe hakuna aliyejua aliupata wapi. Alikuwa ameuza majokofu, halafu akauza bima, halafu siku moja akaamka injinia.

Wateja nao walimstahili. Nilimfungia mtu mmoja geti la kufunguka kwa simu, akasahau namba yake ya siri, nikamkuta anapanda ukuta wa nyumba yake mwenyewe akiwa amevaa suti na viatu vya ngozi. Mwingine alitaka kifaa cha kumwambia tenki limejaa, na tenki lenyewe lilikuwa halijaona maji tangu lipandishwe juu ya mnara wake. Mstaafu mmoja mwenye shamba huko Janga alitaka kamera juu ya mnazi ili awaone vibarua wakipumzika. Nilimuuliza akishawaona wanapumzika atafanya nini kutoka Kibaha, akanikodolea macho. Hakuwa amefikiria mpaka hapo. Hawakuwa wanataka nyumba iwafanyie kitu, walikuwa wanataka mgeni aione ikifanya. Na mimi, msichana wa miaka ishirini na kitu, nilipanda ngazi zao, nikatoboa plasta zao mpya, nikaambiwa nisikanyage vigae kwa viatu.

Saa ya kula ndipo nilipomjua Kondo vizuri. Hakuwa mtu wa kula kwenye kibanda. Mama Shani alileta chakula kutoka nyumbani, hotipoti tatu kwenye kikapu, akiwa amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, anatoa salamu kwa sauti ndogo kama anaomba radhi. Kila siku, chini kabisa ya kikapu, kulikuwa na bakuli moja dogo lililofungwa kitambaa. Alinipa kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukimpangia mumewe sahani. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, siku nyingine kisamvu. Hatukuwa tumezungumza hata mara moja kuhusu bakuli lile. Akishaondoka, Kondo alikula huku ameegemeza simu kwenye hotipoti, anatazama kamera ya geti la nyumbani kwake. "Bado hajafika," alikuwa anasema, mdomo umejaa. "Huyu kapita wapi huyu?" Halafu anatafuna, anatazama. "Haya, ndiyo anaingia sasa. Na ule mfuko kautoa wapi?" Alisema yote hayo mbele yetu bila haya, kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Mama Shani alijua kuhusu ile kamera ya geti, kila mtu alijua, maana aliionyesha kwa wateja.

Katikati ya mwaka tukapata kazi ya Kisarawe. Mteja alikuwa Mharami, kijana wa hukohuko aliyefanikiwa bandarini kwa kutoa mizigo ya watu, anaishi Dar, na amemjengea mama yake nyumba mpya palepale ilipokuwa ya zamani. Alitaka kila kitu: kitasa cha alama ya kidole, taa za kujizima, kamera mbele na nyuma. Nilikuwa darini, nimelala kifudifudi kwenye vumbi, nimeuma ncha ya waya ili mikono yangu ipate nafasi, nikawasikia yeye na Kondo wakizungumza chini yangu.

"Huyo binti unamwamini?" Mharami aliuliza. "Kazi yenyewe anaijua?"

"Bosi wangu, huyo si fundi, huyo ni ufunguo," Kondo akajibu, na nilisikia jinsi alivyotabasamu. "Mimi ni mtu wa huku, nazijua nyumba zetu. Fundi mwanamume hawezi kuingia uani kwa mama zetu. Huyu anaingia mpaka chumbani, na chai anatengewa. Ufundi wenyewe hata mwingine yeyote anao."

Nikabaki pale na waya mdomoni. Kabla ya siku ile nilikuwa nikijidanganya kwamba nilichaguliwa kati ya wenzangu kwa sababu nyaya zangu hukaa zimenyooka. Kumbe nilichaguliwa kwa sababu navaa sketi. Niliumia, siwezi kusema uongo. Lakini kilichonibaki kichwani ni ile kauli yake ya katikati, kwamba anazijua nyumba zetu. Kondo hakuwa mgeni. Alizaliwa Kisarawe, alikulia kwenye ua kama ule, alijua kila kitu alichokuwa anakiuza. Mjinga ningeweza kumvumilia.

Mama yake Mharami aliitwa Bi Sikudhani. Katika nyumba ile yote ya vyumba vingi na madirisha ya aluminiamu, yeye aliishi uani. Alichoacha mwanawe kibaki cha zamani ni pale tu: ukuta mfupi wa makuti, jiko la kuni, mtungi, mkeka mkubwa chini ya mlimau. Kila siku baada ya alasiri wanawake wa mtaa waliingia kwa mlango wa nyuma, wanapiga hodi ya mdomo tu huku tayari mguu uko ndani, wanavua mitandio, wanashusha kanga mpaka kiunoni kwa joto, wanasuka ukili wa mikeka. Wanasuka, wanasukana nywele, na wanasema. Nilijifunza mengi pale kuliko chuoni. Nilijua mume wa nani anakoroma, nani ameweka meno ya bandia, nani anajifanya amefunga. Mimi nilikaribishwa tangu siku ya kwanza.

"Mwanangu, na ngazi hiyo unapanda na sketi?" Bi Sikudhani aliniuliza.

"Navaa suruali ndani, bibi."

"Afadhali. Maana huyo mwanangu naye kashatundika macho yake huko mbele kote."

Wakaangua kicheko, nikaletewa mihogo ya nazi na chai ya mchaichai. Nilikula nimekaa mkekani nao, bisibisi kiunoni, na nilijisikia kama mtu aliye kwao.

Kamera ya nyuma, kwa agizo la Mharami, ilitakiwa ikae kwenye kona ya paa ikitazama ua mzima. Nilimwambia Kondo pale hapafai, pale wanawake wanakaa vichwa wazi. Akanitazama kwa huruma, ile huruma yake ya kuuzia. "Sista, mtoto anataka kumwona mama yake, roho itulie. Wewe unataka kuzuia mapenzi ya mtoto na mzazi?" Mharami mwenyewe kwa simu alisema maneno hayohayo karibu kwa machozi. Yeye nilimdharau kwa kiasi chake. Alikuwa hajatia mguu kwa mama yake tangu Idi, na Dar kutoka pale si safari ya kufungia chakula, lakini alikuwa tayari kumtazama kila siku akiwa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Nikamwambia Bi Sikudhani kitu kile ni nini kabla sijakifunga, na yeye akasema kama ndivyo mtoto anavyotaka, basi, atafanyaje. Nikafunga.

Jioni ile wanawake walikuja, mmoja akainua uso, akakiona.

"Hicho nini?"

"Kamera," nikasema.

"Inaona?"

"Inaona."

"Nani anaangalia?"

"Mharami. Kwenye simu yake, huko Dar."

"Na wanaokaa naye ofisini?" akauliza mwingine, na hakungoja jibu. Walivuta kanga zao wote kwa pamoja, bila kelele, wakakunja ukili, wakaaga kwa heshima sana. Ile heshima ndiyo iliyotisha, maana hawakuwa watu wa kuagana kwa heshima. Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa vilevile. Nilipokwenda kurekebisha kitasa cha kidole, ambacho kilikuwa kimekataa kidole cha Bi Sikudhani kwa kuwa vidole vya msuka ukili havina alama iliyobaki, nilimkuta peke yake juu ya mkeka ule mkubwa, amejifunika gubigubi kwenye joto, anasuka. Hakunitania.

"Mwanangu kanijengea nyumba, Mungu ampe," alisema. "Lakini kanifukuzia watu. Sasa mie nikifa hapa, huyo ataniona. Kunifunga macho atanifunga nani?"

Siku iliyofuata aliunganisha miti miwili, akaifunika kamera kwa kanga. Mharami akampigia Kondo, Kondo akanituma Kisarawe nikaiondoe kanga. Nilikwenda, nikanywa chai, nikapanda ngazi, nikaifunga ile kanga vizuri zaidi, kwa waya wa kazini. Nilimwambia Kondo upepo wa kule ni mkali. Akanituma tena, nikaenda tena, na Bi Sikudhani sasa alikuwa anabadilisha kanga ili ipatikane nafasi ya kufua. Tulicheka sana sisi wawili. Lakini wanawake hawakurudi, maana kanga inaweza kuanguka wakati wowote, na mtu hawezi kuvua mtandio wake huku anatazama juu.

Ndipo Kondo alipokuja ofisini na boksi. Alilifungua juu ya meza ya maonyesho kwa madaha, akatoa taa ya ukutani, ya kioo cha maziwa chenye ukingo wa maua, taa nzuri kabisa ya kupamba ua. Akaigeuza. Chini ya kitako, katikati ya ua moja la chuma, kulikuwa na tundu dogo jeusi.

"Inaona na inasikia," alisema. "Ile kamera tunamtolea, bibi anafurahi, mashoga zake wanarudi, tunamfungia taa kama zawadi. Asichokijua hatakifunika. Mharami kashakubali. Wewe utakwenda kesho."

"Siendi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Siendi kuwafungia watu jicho wasilolijua, wakiwa uchi."

"Stumai, wewe nimekuajiri ufunge taa. Hii ni taa."

Alinisukumia mikononi. Nikairudisha mezani, na niliirudisha kwa nguvu, kioo kikagonga kona ya meza, ukingo ukameguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Kondo alipiga kelele kana kwamba nimemvunja mguu. Akasema imeagizwa kutoka nje. Akasema mimi bila yeye ni mpiga plasta. Mama Shani alikuwa ameingia na kikapu chake, amesimama kwenye mlango wa ubao, ametazama chini. Kondo akageuka akamwambia, "Na wewe unasikiliza nini?" Mama Shani akaweka hotipoti, akaondoka. Siku hiyo bakuli langu lilibaki kikapuni.

Nilijua nikimkatalia Kondo nimepoteza kazi, na kazi nyingine ya namna ile kuanzia Kibaha mpaka Kisarawe hakuwa nayo mtu mwingine. Lakini nilikuwa nimemwona Bi Sikudhani amejifunika gubigubi chini ya mlimau wake. Kesho yake nilikwenda Kisarawe mikono mitupu. Alikuwa amepika kisamvu. Tulikula kwanza, sahani moja, kisha nikamweleza habari ya taa, tangu kioo chake mpaka tundu lake, na kwamba mimi nimekataa lakini watamtafuta mwingine. Alinawa mikono taratibu. Akaniomba nimtafutie namba ya Mharami kwenye simu yake ya tochi, akaweka sauti ya nje.

"Mharami, shikamoo yako nimeiitikia, ngoja nikuulize. Nimekuzaa mimi, au umenizaa wewe?"

"Mama, kuna nini?"

"Nijibu."

"Umenizaa wewe, mama."

"Basi aliyezaa ndiye anayemtazama mtoto akioga. Njoo ukitoe kidude chako, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Fundi nisimwone. Na hiyo taa ukiileta hapa, jua umeniletea sanda."

Mharami alikuja Ijumaa na gari lake refu. Bi Sikudhani alikuwa ametuma habari, na wanawake wote walikuja, wamejifunika vizuri, wakajipanga kwenye mkeka. Mimi niliitwa kama mgeni, nikamshikia ngazi tu. Mtoto wa mama alipanda amevaa kanzu ya Ijumaa, jasho linamtiririka, anapapasa skrubu asiyoijua upande wa kufungulia, na chini yake uani kumejaa mashangazi wakimtazama. Alipoangusha bisibisi hakuna aliyemwokotea. Sijawahi kuona adhabu iliyo ya haki kama ile. Aliposhuka na kile kidude mkononi, mama yake akasema, "Haya, sasa kaa ule." Akala, na kabla jua halijashuka mitandio ilikuwa imevuliwa, na Mharami alikuwa amefukuzwa akakae mbele na wanaume, mahali pake.

Kondo alinifukuza Jumamosi, mbele ya wateja, akitumia maneno ambayo sitayaandika. Nilichukua drili yangu, niliyokuja nayo mwenyewe, nikaondoka. Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilitoka palepale mkekani: mmoja wa wale wanawake alikuwa na binti Kibaha aliyetaka taa za kujizima na kengele ya mlango. Yule akanipeleka kwa wifi yake, wifi akanipeleka kwa mwalimu mmoja, na hivyo ndivyo nilivyojenga jina, ua kwa ua, mpaka leo nina fremu yangu na mafundi wangu, wanawake kwa wanaume. Kabla sijatoboa ukuta wa mtu nauliza swali moja: hapa anakaa nani, na yeye anajua? Wapo waliokasirika, wakaniambia niwaachie nyumba zao. Niliwaachia. Na kila nilipofundisha fundi mpya nilimsimulia habari ya taa, nikamalizia kwa majivuno kwamba ile taa haikufungwa.

Nirudi msibani. Msemaji mwenye kanzu alikuwa bado anakoroma kwenye spika Mama Shani aliponiita pembeni, karibu na ukuta wa jiko. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Mtandio ulikuwa palepale kwenye nyusi, hata sasa kati ya wanawake wenzake.

"Stumai, nataka nikuulize jambo la kifundi," alinong'ona. "Usinione nimechanganyikiwa na msiba."

"Sema, mama."

"Shemeji yangu huyu Athumani, mdogo wa marehemu, yuko huko mbele na wanaume tangu juzi. Lakini kila tunachosema huku uani anakijua. Jana nimemwambia dada yangu, hapahapa, masikio mawili tu, kwamba eda ikiisha nitakwenda kukaa kwa mwanangu Shani. Haujapita muda, Athumani anatuma mtu, eti nisifikirie kuihama nyumba ya kaka yake. Leo asubuhi tumesema tufunge wali uliobaki tuwape majirani. Hatujafungua hata mfuko, mtu anakuja: Athumani kasema wali usitoke. Anatusikiaje?"

"Simu ya marehemu anayo nani?"

"Anayo yeye. Aliichukua hospitali."

Nikainua macho. Sikuwa na haja ya kutafuta sana. Juu ya mlango wa jikoni, ikitazama ua wote, mtungi, kamba ya nguo, mlango wa bafu la nje, kulikuwa na taa ya ukutani ya kioo cha maziwa chenye ukingo wa maua. Ukingoni palikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha.

Miaka yote ile nilikuwa nikijisifu kwamba taa ile haikufungwa. Ilifungwa. Kondo hakuwa mtu wa kutupa kitu kilichoagizwa kutoka nje. Ua wa Kisarawe ulipomshinda akaileta kwenye ua wake, akamtundikia mkewe, na mkewe akapika chini yake, akafua, akatoka bafuni na kanga moja, akalia siku alizolia, akiamini kwamba kamera iko getini tu. Baadaye nilipoifungua nilikuta kifaa cha ndani ni cha juzijuzi. Alikuwa akikibadilisha kila kilipozeeka. Nimesema nilimdharau mtu yule, lakini mpaka pale nilikuwa sijafika chini ya dharau yangu.

"Ni ile taa," nikamwambia.

Aliitazama. Aliikumbuka, nilimwona akikumbuka: meza ya maonyesho, kelele, yeye amesimama mlangoni na kikapu. "Ile uliyoikataa," alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Tangu lini?"

Sikutaka kumjibu, lakini mtu aliyefichwa kiasi kile hastahili kufichwa tena. "Nadhani tangu mwaka ule nilioondoka, mama."

Hakulia. Alikaa juu ya kinu kilicholala, akafikiri, macho yanakwenda kwenye kamba ya nguo, kwenye mlango wa bafu, yanarudi. Wanawake walikuwa wameacha kuchagua mchele, nyungo mapajani. Huko mbele msemaji alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba marehemu aliilinda familia yake kuliko mboni ya jicho.

"Nimo kwenye eda," Mama Shani alisema, na sasa hakunong'ona. "Hata ndugu yake hatakiwi kuniona. Lete ngazi."

Niliileta, nikaiegemeza mchana kweupe. Wawili wakanishikia. Nilizikata nyaya bila kuzima umeme, kitu ambacho nawakataza mafundi wangu, nikaishusha, na Mama Shani akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye beseni la maji ya kunawia, ikatoa mapovu. Haikupita muda tukasikia viatu vya kiume vikija kwa haraka kwenye ujia wa pembeni. Vikafika mlango wa uani, vikasimama.

"Hodi!" akaita Athumani.

Mmoja wetu alifungua mdomo kuitikia, kwa mazoea tu. Mama Shani akainua kidole.

"Hodi wenyewe! Huko ndani kuna nini? Mmezima nini huko?"

Kuku alipita kati yetu akidonoa mchele ulioanguka.

"Hodi, jamani," akaita mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua wenzake wanafanya nini. Akangoja. Viatu vikageuka, vikaenda polepole kule vilikotoka.

Mama Shani akashusha kidole. Akavua mtandio, akaukunja, akauweka mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Sikuwa najua, maana nilikuwa sijapata kuziona. Akaniambia nimpe ungo.